Viwanda vya Zambia (2): Shaba ipo, faida inakwenda wapi?

Wiki iliyopita tuliona jinsi Zambia ilivyopata uhuru, Oktoba 24, 1964, migodi yake mikubwa ikiwa mikononi mwa kampuni za kigeni. Leo tuitazame migodi yenyewe, tupate kuelewa kwa nini nchi ya pili kwa shaba barani Afrika, nyuma ya Kongo, ina watu sita kati ya kila kumi wanaoishi katika umaskini, kwa takwimu za serikali yake za mwaka 2022.

Litazame lori moja la Zambia kwenye foleni ya Tunduma, likielekea bandari ya Dar es Salaam. Limebeba vibamba vya shaba vyenye upana wa kama mita moja, vimepangwa mafungu mafungu na kukazwa kwa mikanda ya chuma. Shaba hiyo ina usafi wa asilimia 99.99, ingawa mwamba uliochimbwa mara nyingi haukuwa na hata asilimia moja. Mwamba husagwa, unga ukachanganywa na maji na dawa hadi povu likanyanyua madini juu. Kisha huja tanuri, na mwisho umeme. Ndiyo maana ukame wa mwaka 2024, uliposhusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, uliitia migodi mashakani pamoja na vinyozi wa Lusaka.

Mwaka 1969 Rais Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Bei ya shaba ikaanguka miaka ya 1970, mitambo ikachakaa, madeni yakapanda. Kufikia mwaka 2000 shirika la umma lililomiliki migodi hiyo, ZCCM, lilikuwa limeuzwa vipande vipande. Leo mgodi wa Kansanshi unaendeshwa na kampuni ya First Quantum, na ule wa Lumwana na Barrick, zote za Kanada.

Mwenye mgodi kuwa mgeni si kosa. Tatizo liko kwenye hesabu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia iliipa ushindi Mamlaka ya Mapato katika kesi dhidi ya mgodi wa Mopani, ambao uliiuzia shaba kampuni mama, Glencore, kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Faida ikionekana ndogo, kodi nayo hupungua. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Biashara nyingine zipo: zumaridi ya Kagem, ambamo serikali ina robo ya hisa, sukari ya Nakambala huko Mazabuka, saruji ya Ndola. Hata hivyo, shaba peke yake huleta takriban asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje. Bei ikishuka kwenye soko la London, bajeti ya Lusaka hutikisika.

Njia ya kutoka si ngeni. Kiwanda cha ZAMEFA, mjini Luanshya, kinatengeneza nyaya za shaba tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Kinachokosekana ni wenzake wengi. Sasa serikali inalenga tani milioni 3 za shaba kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Lengo hilo litawafaa Wazambia iwapo wakaguzi wa kodi na viwanda vya nyaya vitaongezeka sambamba na mashimo.

Wiki ijayo: TAZARA, kilomita 1,860 za reli, na gharama ya kukosa bahari.