Ukijani wa Gishwati: msitu umenawiri au chombo kimebadilika?

Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya unaotelemka kutoka nyanda za juu za Gishwati ulifurika na kubomoa nyumba wilayani Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Msitu hushikilia udongo na maji ya mvua; kwa hiyo, kujua kama msitu wa Gishwati unaota tena ni haja ya kila mkazi wa Rubavu. Msitu huo ulikuwa na takriban hekta 28,000 miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki mia chache tu.

Ili kupima uoto, setilaiti hutegemea tabia ya jani: likiwa na afya, hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi ya karibu. Chukua tofauti ya mianga hiyo, igawanye kwa jumla yake, unapata fahirisi ya uoto, NDVI. Lava mpya ya volkano ya Nyiragongo hukaribia 0. Msitu mnene huweza kupita 0.8.

Ugumu ni kwamba vihisi havikuundwa sawa. Setilaiti ya Landsat 7, ya mwaka 1999, ilipokea infraredi ya nanomita 770 hadi 900. Landsat 8, ya 2013, imebanwa kati ya 851 na 879, ili kukwepa mvuke wa maji unaonyonya mwanga karibu na 820. Kwa mteremko uleule, majani yaleyale, Landsat 8 kwa kawaida hutoa namba kubwa kidogo. Anayeziunganisha bila kuzisawazisha atatangaza kwamba msitu umenawiri tangu 2013, kumbe kilichobadilika ni chombo.

Kuna pia suala la ukubwa wa pikseli. Pikseli ya kihisi cha MODIS ina mita 250 kila upande. Huku Rubavu, humo mna viazi, karoti, migomba, mikaratusi na mapaa ya mabati, vyote vikigeuzwa namba moja. Sentinel-2, setilaiti yenye pikseli za mita 10, huligawa eneo hilohilo mara 625. Karoti za shamba moja zikivunwa, Sentinel-2 huona; MODIS wastani wake husogea kidogo tu. Hata saa ina uzito: kati ya setilaiti mbili zilizobeba MODIS, kwa miaka mingi Terra ilipita saa nne na nusu asubuhi, na Aqua saa saba na nusu mchana, wakati mawingu mara nyingi yameshafunika milima ya Virunga.

Dawa ipo. Vyombo viwili vikiwa angani pamoja, vipimo vyao vya mahali pamoja hulinganishwa, kisha kimoja hurekebishwa kifuate kingine. NASA hutoa bure picha za Landsat na Sentinel-2 zilizokwisha kusawazishwa hivyo. Basi ramani ya ukijani ikiletwa mbele yako, uliza kwanza: imetoka kihisi gani, na kilibadilishwa mwaka gani?