Treni binafsi zaja Reli ya Kati, wafanyakazi wana hoja

Mahindi ya soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, huondoka kwa lori. Kwa lori pia hupita Dodoma sehemu kubwa ya mafuta, saruji na makontena yanayokwenda Singida na mbele zaidi, Rwanda, Burundi na Kongo, ingawa Reli ya Kati ilifika mji huu tangu 1910. Katika uwanda wa kati, mshindani wa kwanza wa reli ni mwenye lori. Ni mfanyabiashara binafsi anayejua kwamba mteja anataka kuambiwa mzigo utafika lini, na ufike siku hiyo.

Sasa ushindani unaingia relini kwenyewe. Tangu 2024 serikali na Shirika la Reli Tanzania (TRC) wamekuwa wakieleza mpango wa kuruhusu kampuni binafsi kuleta vichwa na mabehewa yao na kulipia matumizi ya njia, huku njia ikibaki mali ya umma. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa, SGR. Njia ya umeme iko tayari hadi Dodoma. Kinachotafutwa ni shehena ya kuijaza.

Wafanyakazi wa reli wanasikia habari hizi wakiwa na kumbukumbu chungu. Oktoba 2007 kampuni ya RITES ya India ilikabidhiwa reli kwa mkataba wa miaka 25. Katika Tanzania Railways Limited (TRL), kampuni mpya iliyoundwa, RITES ilichukua asilimia 51 ya hisa na serikali ikabaki na 49. Mwaka uliofuata migomo ilianza. Chama cha wafanyakazi wa reli, TRAWU, kilidai nyongeza ya mshahara, na serikali ikalazimika kuingilia kati. Kilichowakera zaidi watu wa karakana ni vichwa vya treni vilivyoletwa kutoka India kwa kukodishwa: kampuni iliyotarajiwa kuja na mtaji ikawa inaipangisha TRL mitambo, na kodi inatoka kwenye mapato yale yale ya kulipia mishahara.

Kisha ikaja mvua. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibomoa tuta na kung'oa njia kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa. Reli ilikatika kwa miezi kadhaa, na abiria wa Kigoma na Mwanza wakawa wanapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ndipo waanze safari ya treni. Kwa mizigo lilikuwa pigo kubwa zaidi, kwa sababu mteja akishahamia barabarani harudi upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli ilibeba takriban tani milioni 1.4 kwa mwaka. Mwaka 2012 haikufikisha hata tani 300,000. Wakati huo RITES ilikuwa imekwisha kuondoka, baada ya serikali kuchukua tena hisa za kampuni hiyo mwaka 2011.

Majirani hawakupata bahati tofauti. Rift Valley Railways ilipewa reli ya Kenya na Uganda Novemba 2006, nayo kwa miaka 25. Kufikia 2018 mkataba ulikuwa umevunjwa katika nchi zote mbili.

Hata hivyo, ni kosa kusema kwamba wafanyakazi wanapinga sekta binafsi kwa sababu tu ni binafsi. Mwaka 1960 chama cha wafanyakazi wa reli Tanganyika, kikiongozwa na Kasanga Tumbo, kiligoma kwa karibu miezi mitatu, na mwajiri wakati huo alikuwa shirika la umma la wakoloni. Wala umiliki wa umma pekee haulindi maisha ya watu. Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni na kugonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa, na reli ilikuwa ya serikali.

Mpango wa sasa ni bora kuliko ule wa 2007, kwa kuwa hakuna anayekabidhiwa reli nzima. Kampuni ikishindwa, nyingine itaendelea kupita. Lakini una mtego wake. Dereva wa TRC na dereva wa kampuni binafsi watapita njia moja, wakiongozwa na ishara zile zile, kwa mikataba tofauti ya kazi. Kampuni inaweza kushusha nauli ya mzigo kwa kuongeza saa za dereva au kupunguza mafundi wa breki, na hapo TRC itasukumwa kufanya hivyo hivyo. TRAWU nayo, iliyozoea kukaa meza moja na mwajiri mmoja, itajikuta na waajiri wengi.

Kwa hiyo Wizara ya Uchukuzi na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) wasisubiri mgomo wa kwanza. Saa za kazi za madereva, ukaguzi wa breki na ithibati ya mafundi viandikwe ndani ya leseni ya kila kampuni, na sehemu ya tozo ya njia itengwe kwa ajili ya madaraja na matuta ya Kilosa hadi Gulwe. Na TRAWU iitwe mezani wakati leseni hizo zinaandikwa, kabla treni ya kwanza binafsi haijapita Dodoma.