Mwenye Maisha Ndiye Mwenye Uamuzi

Wakazi wengi humwendea Afisa Ustawi wa Jamii wakitaraji kuambiwa la kufanya. Wengine humleta mzazi au ndugu, wakamsemea mwanzo hadi mwisho, kisha wakaomba ofisi iridhie waliyokwisha kukubaliana nyumbani. Makala haya yanaeleza kwa nini afisa humgeukia mhusika na kumuuliza: "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Tuchukue mfano wa bibi mjane wa miaka 74, mkazi wa Levolosi, aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Watoto wake, kwa nia njema, wameamua ahamie kwa kaka yao Usa River na nyumba yake ipangishwe. Bibi hajaulizwa, kwa kuwa ulimi wake umekuwa mzito. Akisikilizwa taratibu, kwa maneno machache na ishara, hubainika kuwa anataka kubaki: majirani anawafahamu, na Kituo cha Afya Levolosi si mbali. Anachohofia ni kuanguka usiku akiwa peke yake.

Hapo mazungumzo hubadilika. Swali si tena nani amchukue, bali hofu hiyo itapunguzwaje. Je, mjukuu alale naye? Njia ya chooni iwekewe mahali pa kushika? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe anampitia? Kazi ya afisa ni kueleza kila njia pamoja na faida na hasara zake, kuhakikisha bibi ameelewa, na kumpa muda wa kutafakari. Akichagua kuhama, ni haki yake; akibadili nia baadaye, asikilizwe tena. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Utaratibu huu una msingi wa kisheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja miongoni mwa misingi yake kuheshimu utu wa mtu na uhuru wake wa kujichagulia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Mtoto anapofanyiwa ukatili, au maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, afisa hawezi kunyamaza kwa sababu tu ameombwa kunyamaza. Taarifa za ukatili dhidi ya mtoto hutolewa katika serikali ya mtaa, polisi, au kwa simu namba 116 bila malipo.

Mwananchi anayehitaji ushauri aanzie kwa Mtendaji wa Mtaa au Ofisi ya Kata, ambako ataelekezwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Anayemsindikiza mgonjwa, mzee au mtu mwenye ulemavu anaombwa kuzingatia haya:

- Mwache mhusika ajieleze kwanza, hata kama anachukua muda.
- Usishangae afisa akiomba kuzungumza naye faraghani.
- Kama hasikii vizuri au hajui Kiswahili, mjulishe afisa mapema ili atafutwe mkalimani asiye na maslahi katika shauri hilo.
- Usimsainishe hati yoyote ya nyumba, kiwanja au fedha kabla hajasomewa na kuielewa.

Kumtunza mzazi ni wajibu wa heshima. Kumuuliza anavyopenda kutunzwa ni sehemu ya wajibu huo.