Benchi la Pikapu Hufufuliwa Kuanzia Chini

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Kwamkoro hupita Kisiwani na lango la Sigi, huingia msituni, kisha hupanda kona baada ya kona mpaka Amani na mashamba ya chai ya Usambara Mashariki. Ni safari ya zaidi ya kilomita 30, na kwa kuwa Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, tope lake halikauki upesi. Kwa miongo mingi watu wa huku wamepandisha saruji na mbolea, wameteremsha iliki na mdalasini, na wamewakimbiza wagonjwa hospitali kwa kutegemea pikapu: Land Rover 109, Peugeot 404 na mdogo wake 504, pamoja na Toyota Hilux za mwanzo. Upande wa Lushoto ni hivyohivyo, ambako kabichi na karoti huteremka kilomita 33 za makorongo hadi Mombo.

Baadhi ya magari hayo bado yanatembea. Injini zimebadilishwa, bodi zimechomelewa na kupigwa rangi upya. Kiti ndicho kinachoachwa kife taratibu. Mwenye gari hutandika mto, kesho yake blanketi, keshokutwa humwita fundi ashone reksini mpya juu ya ile iliyochanika. Kwa wiki chache kiti hupendeza. Baada ya hapo dereva huzama tena, na abiria wa pembeni huchomwa na ncha ya springi kila gari linapoingia kwenye shimo.

Tatizo liko mahali kazi ilipoanzia. Kiti cha benchi huanza kufa chini, kwenye vyuma, na uharibifu hupanda juu hadi kwenye kitambaa. Matengenezo yake hufuata njia hiyohiyo: fremu, springi, gunia, ujazo, sponji, na reksini mwisho.

Nafasi ya mtu wa tatu

Benchi ni kiti kimoja kinachoanzia mlango wa kulia hadi mlango wa kushoto. Hilux ilipoanza kuuzwa Japani mwezi Machi 1968, rungu la gia lilikuwa kwenye nguzo ya usukani, sakafu ikabaki wazi kwa miguu ya mtu wa katikati. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, nayo ilikuwa na gia za usukani. Gari hilo lilijijengea heshima Afrika Mashariki pale Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, aliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Sifa ya 404 ya mashindano ilisaidia wakulima na wafanyabiashara kuiamini pikapu yake.

Land Rover ilifanya kwa namna yake. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Mbele ilikuwa na mito mitatu iliyopangwa juu ya sanduku la bati la aluminiamu, badala ya benchi moja. Katika 109, namba inayotaja umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kwa inchi, sawa na sentimita 277 hivi, tangi la petroli liko ndani ya sanduku hilo, chini ya kiti cha kulia. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, dereva amekalia mafuta. Jambo hili lina uzito mkubwa katika matengenezo, kama itakavyoonekana mbele.

Wapo wanaong'oa benchi lote na kufunga viti viwili vilivyotolewa kwenye gari dogo la abiria. Ni njia ya mkato yenye hasara. Nafasi ya mtu wa tatu inapotea, na nafasi hiyo ndiyo ya mama mwenye mtoto au ya mgonjwa anayesindikizwa. Sakafu inatobolewa matundu mapya, na kila tundu ni mwanzo wa kutu. Urefu wa kiti haulingani tena na usukani wala pedali. Benchi la asili likitengenezwa vizuri huchukua miaka mingi, na gari hubaki na thamani yake.

Kulifungua

Boliti za reli za kiti huwa zimeshikwa na kutu. Fundi mwenye subira huzimwagia dizeli jioni, akazirudia asubuhi. Mwenye haraka huzikata vichwa na kujiongezea kazi. Kabla ya kugusa chochote, picha kadhaa za simu zinatosha kuonesha kila waya na kila mkunjo ulivyokaa.

Reksini ya zamani isichanwe kwa hasira. Hukatwa kwenye mishono kwa wembe, kipande kwa kipande, na kila kipande huandikwa namba na mshale wa kuonesha upande wa mbele. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokuwa ramani ya kukatia vipya. Fundi anayevitupa atalazimika kukisia, na kiti kilichokatwa kwa kukisia hujulikana kwa mikunjo kwenye pembe.

Kinachoonekana ndani husimulia maisha ya gari. Upande wa dereva springi zimelala, na ukingo wa nje wa fremu, mahali anapoteleza kila anaposhuka, una ufa au umepinda. Katikati, alipokuwa akikaa mtu kwa nadra, springi bado zinaruka kama zilivyotoka kiwandani. Ikiwa benchi lina springi za waya uliopindwa kinyokanyoka na zote zina urefu mmoja, fundi anaweza kuzihamisha: zile nzima za katikati zikaenda kwa dereva, na zilizochoka zikapewa kazi nyepesi. Zilizokatika hubadilishwa. Kuunga springi kwa kuchomelea hakusaidii, kwa sababu moto huharibu ugumu wa waya, na hukatika tena pembeni mwa kiungo.

Fremu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, nyufa huchomelewa, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa ikauke kabisa. Kwa Kwamkoro, ambako ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, hatua hii haina mbadala. Mahali springi zinapoishika fremu huwekwa vipande vya ngozi au mpira, ili chuma kisisage chuma na kiti kisilie njiani.

Mkonge, nazi na petroli

Juu ya springi hutandikwa gunia la nyuzi za mkonge, likafungwa kwa uzi kwenye kingo. Kazi yake ni kuzuia waya usiikate sponji. Mkoa wa Tanga hauna sababu ya kukosa kitu hiki. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyonusurika safari ni 62 tu. Kutoka kwenye mimea hiyo, Tanganyika ilifikia kuzalisha zaidi ya tani 230,000 za katani mwaka 1964. Mpaka leo kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichowahi kuwa makao ya utafiti wa mkonge, kiko wilayani Muheza.

Kisha huja ujazo. Viti vya magari ya zamani havikuwa na sponji peke yake. Viwanda vya Ulaya vilitumia manyoya ya mkia wa farasi na usumba wa nazi ulionyunyiziwa utomvu wa mpira ili nyuzi zishikane. Viti vya Volkswagen za mgongo wa kobe vilijazwa hivyo. Usumba huo ndio uleule ambao watu wa pwani waliujaza kwenye magodoro tangu zamani. Sifa yake kubwa ni kupitisha hewa: ukilowa, unakauka.

Sponji ya poliyurethani, inayotokana na mafuta ya petroli, ilienea baada ya miaka ya 1950 kwa sababu ni nyepesi na hukatwa haraka. Nailoni na nyuzi nyingine za kiwandani zilikuwa zikiingia wakati huohuo, zikaishusha bei ya mkonge na kuyafunga mashamba mengi ya Tanga. Fundi wa leo hahitaji kuchagua upande mmoja. Mpangilio unaofaa zaidi kwa milimani ni tabaka la usumba au katani iliyochambuliwa, lililosambazwa sawasawa juu ya gunia, na juu yake sponji ya sentimita tano hadi saba.

Sponji yenyewe ichaguliwe kwa uzito wake. Masalia ya godoro la bei nafuu, lenye uzito wa chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, hulala ndani ya miezi. Kiti cha gari kinataka kilo 30 hadi 50. Njia rahisi ya kupima dukani ni kubonyeza kwa ngumi: sponji nzuri huzuia ngumi kugusa meza, na ukiiachia hurudi mara moja.

Sindano na uzi

Reksini hupasuka kwa sababu mbili. Jua hukausha kilainishi kilichomo ndani ya plastiki, ikawa ngumu. Na mishono ikibanana sana, sindano huacha mstari wa matundu kama ya stempu, na kitambaa huchanika kwenye mstari huo. Hatua ya milimita nne hadi tano inatosha, kwa sindano namba 18 na uzi wa nailoni au poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Cherehani ya kushonea magauni haiwezi kupita tabaka nne za reksini kwenye pembe. Kazi hii hupelekwa kwa mafundi wa mabegi na makochi, wenye mashine nzito.

Kabla ya kuvalisha, reksini huanikwa juani ilainike. Kuvuta huanzia katikati ya ukingo wa mbele, kisha wa nyuma, ndipo mikono iende pembeni kidogo kidogo. Pete za waya, au waya laini wa kufungia nondo, hukazwa kila baada ya sentimita tano hadi saba. Wako mafundi wanaotandika nailoni ya plastiki chini ya reksini ili kuzuia maji. Kwa gari la Kwamkoro hilo ni kosa, maana maji ya mvua yataingia kwenye mishono hata hivyo, na plastiki itayafungia ndani yatie springi kutu. Chini ya kiti pabaki wazi, hewa ipite.

Uhai wa wanaokalia

Mambo matatu hayana mjadala. La kwanza, moto wa kuchomelea usisogezwe kwenye sanduku la kiti la Land Rover kabla tangi halijatolewa nje ya gari. Hata tangi tupu lina mvuke unaolipuka. La pili, sponji huwaka haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo waya za umeme zinazopita chini ya benchi zikaguliwe na zilizochunika zibadilishwe kabla kiti hakijarudishwa.

La tatu ni mikanda. Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, lakini pikapu nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani bila mkanda wowote. Sheria ya Tanzania inawataka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Wakati benchi liko nje ndio wakati wa kufunga vishikizo vyake, vikiwa na bamba la chuma chini ya sakafu. Mkanda uliofungwa kwenye bati tupu, au kwenye fremu ya kiti, hung'oka siku ya ajali.

Mwenye pikapu ya zamani, iwe Kwamkoro, Bulwa, Lushoto au Korogwe, asikubaliane bei na fundi kabla kiti hakijafunguliwa mbele ya macho yake. Fedha ikiwa haitoshi kwa kazi yote, ilipie kwanza fremu, springi na mikanda. Kiti kinaweza kufunikwa kwa turubai mwezi mzima, kikisubiri reksini.