Darasa la kugeuzwa: kusoma mbele ya profesa kuingia

Kwenye vyuo vikuu vyetu tumezoea hivi: profesa anasoma silabusi, wanafunzi wanaandika. Kama profesa ametoka Lubumbashi kwa siku chache tu, anakimbiza somo lote na kurudi. Saa ya kuuliza haipatikani.

Darasa la kugeuzwa linabadilisha utaratibu huo. Mwanafunzi anasoma silabusi nyumbani. Saa za darasani zinabaki za maswali, mazoezi na kubishana kwa vikundi. Eric Mazur, profesa wa fizikia kwenye chuo kikuu cha Harvard, Marekani, alianza njia iliyo karibu na hiyo mwaka 1991: anatoa swali, kila mmoja anajibu, kisha anajadiliana na jirani yake.

Je, inasaidia? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walilinganisha uchunguzi 225 kuhusu masomo ya sayansi na hesabu. Pale profesa anaposema peke yake, karibu wanafunzi 34 kwa 100 walianguka. Pale wanaposhiriki, 22.

Hata mpango wa LMD hapa Kongo unahesabu kazi ya mwanafunzi mwenyewe ndani ya krediti 180 za licence.

Lakini Kamina, video inaomba mega na umeme, na silabusi inaomba makuta. Ikiuzwa siku mbili mbele ya mtihani, hakuna kitakachogeuka. Kurasa tano za kopi, zikitolewa juma moja mapema, zinatosha; hata wanafunzi watatu watasomea kopi moja. Profesa naye aje na maswali, si na karatasi ya kusoma.