Kinu kikilia «mmm»: tutunze kontakteri na rele kabla mota haijaungua



Mahindi yanatoka shambani, lakini bukari inapita kwanza kwenye kinu. Siku kinu cha kooperative kinakufa, akina mama wanabeba ndoo mpaka mbali, na kasa yetu inabaki tupu. Kubobina mota upya ni mafranga mengi. Na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo ndani ya kasha la umeme ukutani: kontakteri au rele ya joto.

Zinafanya kazi gani?

Kontakteri ni swichi inayovutwa na sumaku. Ukibonyeza kibonyezo cha kuwasha, umeme unaingia katika bobini, bobini inavuta chuma, vidole vitatu vya ndani vinagusana, fazi tatu zinakwenda kwenye mota. Umeme ukikatika, springi inaviachanisha. Hata umeme ukirudi, mota haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Hapo ndipo mkono wa msagaji unapookoka.

Rele ya joto imefungwa chini ya kontakteri. Mota ikivuta umeme kupita kiasi, au fazi moja ikikosekana, rele inapata joto na kukata umeme wa bobini.

Kwa nini zinaharibika kwetu?

Lualaba ina mitambo ya Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950, na ule mstari mrefu wa kutoka Inga, karibu kilomita 1.700, unafika hapa Kolwezi tangu 1982. Lakini migodi inakula umeme mwingi, na sisi tunajua delestaji na umeme mudogo. Bobini ya volti 220 inahitaji walau volti 187 ili ivute vizuri. Chini ya hapo chuma kinatetemeka, kontakteri inalia, vidole vinapiga cheche na kuungua. Ongeza vumbi la unga na la barabara, basi shida inakuwa mara mbili.

Dalili za kuangalia

– Kontakteri inalia «mmm» au inagonga-gonga: umeme ni mudogo, au vumbi limeingia kwenye sumaku.
– Unabonyeza, hakuna kitu: bobini imekufa, au rele imekata.
– Unazima, mota inaendelea: vidole vimeshikana. Zima swichi kuu mara moja.
– Mota inanguruma bila kuzunguka: fazi moja imekosekana. Zima upesi.

Kila mwezi

Zima swichi kuu, ondoa fyuzi, uziweke mfukoni mwako. Usiamini delestaji, umeme unarudi bila kubisha hodi. Hakikisha kwa multimetri kwamba hakuna umeme. Futa vumbi kwa brashi kavu, kaza skrubu zote, na uangalie waya zilizobadilika rangi. Vidole vikiwa vyeusi kidogo, si ugonjwa. Usivisugue kwa msasa, utaondoa madini ya fedha yaliyo juu. Usitie mafuta, yanashika vumbi. Kama vimeliwa na kuwa na mashimo makubwa, badilisha.

Kubadilisha

Hii ni kazi ya fundi wa umeme, lakini wanamemba wajue cha kumuuliza. Kwanza, volti ya bobini: 220 au 380, imeandikwa kwenye bobini. Ukikosea, inaungua au haivuti. Pili, ampere kwa kazi ya mota, zinazoandikwa AC-3. Mota ya kilowati 7,5 kwa volti 380 inavuta karibu ampere 16. Chukua kontakteri ya 18 au 25. Nenda sokoni na ile ya zamani mkononi.

Kabla ya kufungua waya, piga picha kwa simu na uweke alama kila waya. Fazi zinaingia juu, zinatoka chini kupitia rele. Bobini ni A1 na A2. Waya wa bobini lazima upite 95 na 96 za rele. Mota inayowashwa moja kwa moja, kidude cha rele kiwekwe kwenye ampere zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Ukimaliza, washa kinu kitupu kidogo tu. Kikizunguka kinyume, zima, kata umeme, badilishanisha fazi mbili.

Mambo mawili tunakataza

La kwanza: kusukuma kontakteri kwa kijiti ili ibaki imeshika. Umeme ukirudi wakati mtu anatoa mahindi yaliyokwama, kinu kitawaka na mkono uko ndani.

La pili: kuiruka rele kwa waya, au kupandisha ampere zake kwa sababu «inasumbua». Rele ikikata, ngoja dakika chache ipoe, punguza mahindi, kisha bonyeza tena. Ikikata mara ya pili, ita fundi. Rele haisumbui, inatuambia mota inaumia.

Kila komite ichague mtu mmoja wa kushika ufunguo wa kasha na daftari: tarehe, volti, kilichokazwa, kilichobadilishwa. Na muweke akiba kontakteri moja na rele moja, zinazolingana na mota yenu. Bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mota.