Lenzi za Kale, Lenzi za Leo: Rekodi Zinazopimwa Kutokea Bukavu

Kilomita kama 30 kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, anaishi gorila wa Grauer, mkubwa kuliko wote katika jamii ya nyani duniani. Dume aliyekomaa huweza kupita kilo 200. Kwa mpiga picha, hakuna mtihani mgumu kama huu: mnyama mweusi, kajikalia kwenye kiza cha msituni, na sheria za ziara zimekataza flashi. Hapo lenzi hutegemea mwanga uliopo, basi. Kwa hiyo anayehesabu rekodi za lenzi akiwa katika mji huu huanza na moja: ipi inanasa mwanga mwingi zaidi?

Mbio hizo zilianzia Vienna mwaka 1840. Joseph Petzval, mtaalamu wa hisabati, alibuni lenzi ya picha za watu kwa kukokotoa, si kwa kubahatisha, na Voigtländer wakaitengeneza. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi kuliko zile za mwaka mmoja nyuma, na watu wakapona adhabu ya kukaa kama sanamu kwa dakika kadhaa.

Bingwa anayetajwa sana katika mbio hizo ni Planar ya Zeiss ya mwaka 1966, milimita 50, f/0.7, yaani yenye tundu la mwanga pana mno. Zilitengenezwa 10 tu: sita zilikwenda NASA, moja Zeiss wakabaki nayo, na tatu akazinunua mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick, akapigia matukio ya filamu yake Barry Lyndon (1975) kwa mwanga wa mishumaa. Bukavu, ambako umeme hukatika harusi ikiwa ndiyo kwanza imenoga, sifa hiyo haihitaji maelezo marefu. Lakini tundu pana kiasi hicho hutoza: sehemu inayotoka kali kwenye picha ni nyembamba mno, mwigizaji akisogea kidogo uso wake unafifia. Zeiss hao hao waliwahi kuonyesha dude lililoandikwa f/0.33. Hilo msilihesabu, ulikuwa mzaha wa kuwakejeli watu waliopagawa na tarakimu.

Kwa uzito na bei, vinara wote wawili walikwenda Ghuba. Mwaka 2006 Zeiss walionyesha lenzi ya milimita 1700 yenye kilo 256, iliyotengenezwa kwa agizo la mteja wa Qatar. Leica nao walimtengenezea Sheikh Saud Al-Thani, wa huko huko Qatar, lenzi ya milimita 1600 iliyotajwa kugharimu zaidi ya dola milioni mbili. Sijui kwa nini mtu aibebe. Kwa upana, Nikkor ya milimita 6 ya mwaka 1970 huona nyuzi 220, maana yake inaona hata kilicho nyuma yake kidogo. Mpiga picha asipojihadhari, miguu yake mwenyewe inaingia pichani.

Rekodi inayonivutia mimi ni nyingine kabisa. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama Super Takumar ya milimita 50 f/1.4, zina kioo kilichochanganywa na thori ili kipinde mwanga vizuri zaidi. Thori hutoa mionzi, na nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 14 kuisha, kuliko umri wa ulimwengu wenyewe. Hakuna dhamana ya kiwandani itakayoshindana na hiyo. Kuipigia picha hakuna hatari ya kukutisha, ila usiisage wala kuivunja. Kasoro yake ni kwamba kioo hugeuka manjano kama chai, na tiba yake ni jua: iweke dirishani wiki kadhaa. Jua la hapa, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta na karibu mita 1,500 juu ya bahari, linaiweza kazi hiyo.

Na vioo vya kisasa? Navyo vina asili ya kwetu. Tantali, inayotolewa kwenye koltani inayochimbwa Kivu, hutumika katika kapasita ndogo za umeme ndani ya kamera, na oksaidi yake huchanganywa kwenye baadhi ya vioo vya lenzi. Kongo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuichimba. Rekodi hiyo haichapwi kwenye boksi la lenzi yoyote.

Lenzi ya wanyonge ni Helios 44 ya Kisovieti, milimita 58 f/2, iliyoigwa kutoka Biotar ya Zeiss na kutolewa kwa mamilioni. Majani ya nyuma huyazungusha kama maji yanayoshuka kwenye tundu, kasoro ambayo leo watu wanailipia. Haina mota wala waya. Ikikwama, fundi mwenye bisibisi ndogo na subira anaifungua. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kurudisha taswira huipokea kwa kuongeza pete tu. Kwa picha ya bibi harusi bustanini, ningeichukua kabla ya lenzi ya dola 2,000.

Kwa gorila, hapana. Huko chukua lenzi ya leo, inayolenga yenyewe na kutuliza mtikisiko wa mkono. Dume la Kahuzi halitakungoja uzungushe pete.

Ukikuta lenzi ya zamani inauzwa, hapa au popote penye unyevu kama wa kando ya ziwa, imulike kwa tochi kutoka nyuma kabla ya kutoa pesa. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe.